Besi ya Sanduku la Chai

Leo nimeumbuliwa na sanduku tupu la mbao la kusafirishia chai, mtaani Kibokoni.

Nilikuwa nikiwaeleza wenzangu barazani asili ya muziki wa skiffle: Wamarekani Weusi, kwa kukosa ala, walipiga mitungi na mbao za kufulia. Baadaye vijana wa Uingereza wakaufufua muziki huo, na besi yao, ala ya sauti nzito, ikawa sanduku la chai, fimbo na kamba.

Ami Shebe, seremala, akabisha. "Sanduku litoe besi? Chuo kimekupoteza, mwanangu."

Nikaapa: nikishindwa, nanyamaza barazani mwezi mzima.

Nikaleta sanduku tupu, nikalifudikiza, nikalifunga kamba na fimbo, nikalipiga. Likakoroma tu.

Mamake Ami, Bi Mwanaisha, akashuka ngazi akicheka. "Umeufunika mdomo wake wote chini, sauti itatoka wapi?"

Akainua ukingo mmoja kwa jiwe, akalikanyaga sanduku, akavuta fimbo, akaipiga kamba.

Besi ikatoka, nzito na tamu ajabu.

"Marehemu mume wangu alipiga sanduku kama hili harusini Unguja. Mkaza kamba ni mimi."

Ami ashikilia kuwa nimeshindwa. Mimi nasema hoja ilikuwa sanduku, si mpigaji.

Amueni nyinyi. Mkinihukumu ninyamaze, nitanyamaza kwa furaha, mradi Bi Mwanaisha aendelee kupiga.