Swali la Kumi na Saba Lililovuka Ziwa

Mtu akifagia majani makavu uani, mimi husikia Kiingereza. Najua inachekesha, na mume wangu hunicheka kweli kweli. Lakini mlio ule, shwa shwa, shwa shwa, ndio mlio wa chisense waliokauka wanapogeuzwa kwa ufagio pale Kashikishi, na mimi Kiingereza changu kingi nilikiokota hapo hapo mchangani, kati ya harufu ya samaki na kelele za kunguru.

Chisense ni dagaa wa Ziwa Mweru, wadogo mno, wa kutafunwa na vichwa vyao. Hutandazwa juani asubuhi, na wasipogeuzwa mapema upande wa chini unaanza kunuka. Mdogo wake mama, Tantine Georgette, ndiye aliyekuwa akiwageuza. Mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, nilikuwa mfukuza ndege. Mkono wa kulia nilishika fimbo ndefu, wa kushoto nilishika kurasa nane za kitabu cha maswali ya Kiingereza, na kila Tantine alipomaliza safu moja ya samaki nilimsomea swali moja.

Tantine hakuanika samaki kwa kupenda. Huko Kongo, ng'ambo ya ziwa, alikuwa muuguzi, na wapo watu wazima leo waliopokelewa duniani na mikono yake. Vita vilipotufikia tulivuka, tukakaa kambini miaka mingi, ndipo tukapata ruhusa ya kuishi Kashikishi. Vyeti vyake vyote vilikuwa vya Kifaransa. Ili apokelewe tena katika uuguzi upande huu, alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza. Alishaufanya mara moja akaanguka, na aliambiwa kwamba mara ya pili ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, basi, ni yeye na ufagio wake mpaka uzee. Alinieleza hayo bila kunificha, nami nikajiona nimeubeba ukoo mzima katika mkono wa kushoto.

Sasa kuhusu hicho kitabu. Wanawake waliokuwa wakijiandaa walikuwa watano, wote wa ng'ambo, na kitabu kilikuwa kimoja, tena cha fotokopi. Wakafanya walivyozoea kambini kufanya na gunia la unga: waligawana. Walikichana vipande vitano, kila mmoja akaondoka na chake, wakawa wanabadilishana Jumapili baada ya misa. Ukurasa wa majibu ulikuwa wa mwisho, kwa hiyo ulimwangukia Mama Fifi, na Mama Fifi alikuwa mfanyabiashara asiyejua kutulia. Haukupita muda akavuka kwenda Kongo na sabuni zake, majibu yetu yote yakiwa ndani ya mkoba wake.

Swali la kumi na saba lilikuwa sentensi fupi yenye pengo. Nikiliweka kwa Kiswahili, lilisema: familia hiyo, mwaka jana, kisha pengo, halafu nyumba yake. Jibu A lilikuwa iliacha. Jibu B, ilipoteza. C na D yalikuwa maneno yaliyopinda ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeyatupa. Maswali mengine Tantine aliniomba nirudie mara mbili tatu. Hili alilijibu akiwa bado ameinama.

"B," alisema.

Mimi nilikuwa mjuaji, lazima nikiri. Nilikuwa nasoma shule ya hapo hapo, na nilipenda sana kuonyesha.

"Tantine, hata A inaingia."

Ufagio ukasimama. "We mutoto, swali moja inaweza kuwa na majibu mbili?"

"Hii iko nayo."

"Hapana. Batu benye kuandika kitabu beko na masomo. Kama tunaona mbili, shida iko mu kichwa yetu."

Alikuwa amesoma kwa masista, mahali ambapo mwalimu akiandika ubaoni unanakili, hata kama ameandika kwa makosa, na anayenyoosha kidole kubisha analala njaa. Karatasi iliyopigwa chapa kwake haikukosea. Lakini mimi swali lile lilinikaa kichwani. Nilianza kumwaza yule aliyelitunga: yuko wapi, amevaa nini, ana nyumba au hana? Alipoandika A na B alijua kwamba yote mawili yanaingia, au alikuwa na usingizi? Ndege walikula samaki wengi siku hiyo.

Tantine aliamua tumuulize mwenye majibu. Alimpa ujumbe Papa Dieudonné, mwenye boti, amtafute Mama Fifi sokoni ng'ambo na kumuuliza jibu la kumi na saba. Akamsomea swali lenyewe pia, ili asichanganye. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Papa Dieudonné alikuwa na mdomo mpana kuliko boti yake. Siku ya tatu alirudi, akashuka na kupiga kelele tangu majini.

"Mama Georgette! Fifi anasema ni A! Lakini batu ba mu boti banakatala!"

Kumbe alilitangaza swali kwa abiria, nao wakaligombania njia nzima, kwenda na kurudi. Wote walisema B, isipokuwa mwanamume mmoja, na huyo, Papa Dieudonné alieleza kwa makini, nyumba yake alikuwa ameiuza. Watu wa bandarini walicheka mpaka wakashika mbavu. Tantine hakucheka. Alisema, "Merci, Papa," akarudi kwa samaki wake.

Kesho yake nilibeba ukurasa ule mpaka shuleni, nikamwonyesha mwalimu wangu, Madam Chanda. Aliusoma akatabasamu. Akaniambia kwamba swali ni bovu, majibu mawili yote ni sahihi, na aliyelitunga alipaswa kulitazama tena. Nilikimbia njia yote mpaka ziwani. Nilikuwa nimekishinda kitabu!

Tantine alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ule mwenye kusahihisha mutihani, ye iko na karatasi ya Fifi, ao iko na kichwa ya madame wako?"

Nilisimama pale na fimbo yangu nikihisi aibu, kwa kuwa alikuwa ameona mbali kuliko mimi na mwalimu wangu. Anayetaka kupita hatafuti lililo kweli, anatafuta lile alilonalo mwenye kalamu nyekundu. Basi tukakubaliana: ni A. Kuanzia hapo kila tulipofika kumi na saba alijibu A, ila kwa sauti ndogo, na safu iliyofuata aliifagia kwa nguvu mpaka mchanga ukaingia kwenye samaki.

Siku ya mtihani alisafiri mpaka mjini Mansa, akarudi siku iliyofuata na minibasi. Nilimngoja kituoni. Hakuwa amekanyaga vizuri chini nilipoanza kumhoji.

"Ya kumi na saba ilikuya?"

Ilikuja. Neno kwa neno, ila sasa ilikuwa ya thelathini na kitu. Siku hizi natunga mitihani mimi mwenyewe, kwa hiyo sishangai: sisi watungaji ni wavivu, tunachota kwenye mitihani ya zamani pamoja na makosa yake.

"Na ukatia A?"

"Nilitia B."

Nilipiga kelele katikati ya kituo. Tulilijua jibu! Liliulizwa ng'ambo, lilivuka ziwa, bandari nzima ililijua! Nililia kwa hasira, machozi ya kweli, kwa sababu niliona alama moja ikimrudisha mchangani maisha yake yote. Tantine alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Acha kulia. Ile ingine yote nilitia vile banapenda."

Alifaulu. Barua ilikuja baada ya wiki nyingi za mimi kutolala vizuri, na mpaka leo yuko wodi ya wazazi, anawagombeza kina mama kwa Kibemba, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Swali lile lilisahihishwaje hatukujua. Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kama kisa cha ukaidi, na walikifurahia sana.

Mwaka jana nilikisimulia tena nyumbani, tukimenya mihogo, na mama yangu akaacha kumenya. Ndipo aliponieleza la siku tulipovuka. Kwenye ofisi ya wakimbizi walitupa karatasi, na kwa kuwa Tantine ndiye aliyesoma, ndiye aliyeijaza kwa ajili yetu wote. Kulikuwa na swali moja lenye visanduku viwili: mmeacha makazi yenu, au mmefukuzwa? Weka alama moja tu. Mtu mmoja kwenye foleni, naye kwa nia njema, alimnong'oneza kwamba wanaosema wameacha hawaulizwi mengi, wanapita upesi. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, nina homa. Tantine akaweka alama hapo. Basi tukaandikwa kuwa tuliondoka kwa hiari yetu, na kesi yetu ya kuomba ukimbizi ikazunguka ofisini mwaka baada ya mwaka. Bibi yangu alifia kambini akiingoja.

"Ye njo alishika kalamu," mama alisema. "Hakusahau."

Nilibaki na kisu mkononi. Tantine alikuwa ameshaandika mara moja kwamba tuliiacha nyumba yetu, na hata kama kazi yake yote ilitegemea alama ile, mkono wake ulikataa kuandika tena.