Mbu huyu hakukata tiketi

Juzi kwenye zahanati moja ya Mwanga, hapa Kigoma, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mama mmoja, mshonaji wa pale sokoni. Nesi akamsomea majibu yake: dengi. Mama akashika kiuno.

"Dengi ya wapi, nesi? Hiyo inakuja na treni kutoka Dar. Mimi mwaka huu hata Mwandiga hapo jirani sijafika."

"Umeipatia hapahapa, mama."

"Hapahapa wapi, na mimi nalala kwenye chandarua?"

"Na mchana?"

"Mchana nipo kwenye cherehani."

"Chini ya cherehani kuna nini?"

Mama akakunja uso. "Kuna kopo la maji ya kunyunyizia nguo nikipiga pasi. Lakini maji safi! Naongeza kila asubuhi."

"Unaongeza. Kumwaga je?"

Mama akainama, akajikuna kifundo cha mguu taratibu, kama mtu anayeanza kumfahamu mwizi wake.

Haya, wana Kigoma. Mbu wa dengi anapenda kutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na anauma mchana. Usiku tunamfungia chandarua, asubuhi tunamjazia kopo! Tumwage, tusugue kopo, tufunike, tutamweza tu. Ila tuache kwenda kumvizia stesheni. Huyu hakukata tiketi. Kazaliwa Mwanga, chini ya cherehani, na maji yake tunamwongezea kwa heshima zote: bila kumwaga ya jana.