Nani Alimtwika Mporaji

Mwalimu wa kwaya alipotangaza mchezo wa kuigiza kuhusu siku ya pilaji, siku Bunia ilipoporwa nyumba kwa nyumba, watu tisa walijitokeza, na wote tisa walitaka kuwa walioporwa. Niliwahesabu tena, nikidhani nimekosea. Mporaji hakuna hata mmoja. Kumbe mji ulijipora wenyewe.

Nilikubali kuwa mporaji baada ya mapatano marefu. Mimi nauza mitumba sokoni. Mteja akinikumbuka na godoro la mtu kichwani, nitamuuzia nini tena? Nikataka Mwalimu atangaze kabla ya mchezo kwamba nami niliporwa, na mwishoni atangaze tena. Yeye alitaka mara moja. Tukapatana mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini.

Ili tujifunze, tulikwenda kwenye nyumba ya video karibu na soko. Filamu ilikuwa ya ghasia za mji wa mbali: vioo vinapasuka, magari yanawaka, watu wanakimbia na televisheni vifuani. Nilishangaa. Kwetu hakuna aliyekimbia. Waporaji walitembea kama watu wanaotoka sokoni, mzigo kichwani, wakisalimiana.

"Hawa wa filamu hawana vichwa?" nikamuuliza Mwalimu. "Ao walikosa mutu wa kuwatwika?"

Akacheka. Mama aliyekaa mbele yetu hakucheka.

Huyo alikuwa fundi wa kushona wa mtaa wetu, mjane, na mashini yake ndiyo iliyomlisha. Siku ya pilaji mporaji aliitoa nje, akashindwa kuiinua, akamwambia, "Mama, unitwike." Naye akamtwika. Jirani yake, mzee mmoja muuza makayabo, samaki wa chumvi wa kutoka Mahagi-Port, aliyaona hayo akayatembeza: yule mama alikuwa pamoja nao. Hata alipoazimwa mashini nyingine, hakuna aliyempelekea kitambaa.

Nilitaka sana kujua kwa nini alimtwika. Tukiwa njiani nikamuuliza.

"Mutu akikuambia unitwike, weye unafanya nini?"

"Namutwika. Lakini mwizi, Mama!"

"Mikono haikuuliza."

Jibu hilo niliona ni rahisi mno. Sokoni kitu rahisi huwa na tundu mahali.

Siku ya mchezo tulianza saa nane mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Vita haikuwa imeisha, ilikuwa imepumzika. Mama aliigiza nafasi yake mwenyewe, kwa kuiomba. Muuza makayabo alikaa mbele kabisa, miguu imepishana, kama hakimu. Badala ya mashini tulikuwa na sanduku la mbao, na Mwalimu, mtu asiyependa uongo, alikuwa amelijaza matofali.

Nililivuta hadi katikati ya jukwaa. Nikainua. Likafika kifuani, likagoma.

"Mama, unitwike."

Kwenye mazoezi alinitwika kila mara. Leo alifunga mikono, akanitazama.

"Mama, unitwike," nikarudia, na sasa sikuwa naigiza. Jasho lilikuwa machoni, vidole vinateleza.

"Usimutwike!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Aanguke nayo!"

Wakacheka. Sanduku likaanza kunilalia.

Ndipo nikasikia kiti kikisogea. Mikono miwili yenye harufu ya samaki ikashika upande wa pili. "Haya, pole pole, inama kidogo," sauti ikasema, na mzigo ukakaa kichwani. Muuza makayabo alikuwa jukwaani, akinisawazishia sanduku kama anavyomfanyia binti yeyote anayetoka kuchota maji.

Ukumbi ulilipuka.

"Papa! Na weye uko pamoja nabo?"

"Mumukamate, ni wa kwabo!"

Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama ameiazima.

Mama akamsogelea. "Aksanti, Papa. Iko muzito, sivyo?"

"Iko muzito," akajibu kwa sauti ndogo.

Mwalimu alisahau kunitangaza mara ya pili. Hakuna aliyekuwa ananitazama, basi sikudai.

Jumatatu muuza makayabo alikuja kwenye meza yangu, akachagua suruali ambayo wangeingia wawili kama yeye. Hakuuliza bei mara mbili, karibu nikasirike.

"Papa, hii ni pana."

"Najua," akasema. "Iko mutu ya kuipunguza."