Meza Yenye Makovu ya Mepo

Ule mti mkubwa wa mepo uliosimama mbele ya shule ulipoangushwa na upepo, nilifika kabla theluji haijayeyuka kwenye gome lake. Kazi yangu ni kununua magogo. Niliuzunguka mara moja nikasema: kuni, na kwa bei ya kuni shule ikaniuzia.

Sikuwa na chuki nao. Mepo ni mti wa utomvu mtamu, na ule uligemwa na mji wetu mzima wa Brant Hollow tangu enzi za mababu. Kila masika, utomvu unapoanza kupanda, kila nyumba ilitoboa upande wake, ikapigilia mrija wa chuma na kuning'iniza ndoo, halafu ikaenda kuchemsha shira. Kila nyumba ilichonga alama yake kwenye mirija na kuipaka kwenye ndoo, maana ndoo hazina miguu lakini hutembea. Sasa kila tundu la mgema huacha doa ndani ya mti, jeusi la kibuluu, refu kama ulimi wa moto. Mnunuzi wa mbao anataka mepo mweupe kama maziwa. Tena kuna chuma: mgema mvivu akisahau mrija msimu ukiisha, gome huumeza, na siku moja msumeno wa mtu hung'oka meno.

Roxane Desilets, dereva wa basi la shule, alinikuta bado nimesimama pale.

"Hilo gogo unalitakia nini?"

"Hilo ni la jiko, Roxane."

"Basi nipe bure."

"Bure alishakufa, mama. Una lile bamba la kusukumia theluji nyuma ya banda lako."

"Lina kutu."

"Na gogo lina madoa. Hatudaiani."

Tukapeana mikono. Nilijua nimempunja. Yeye naye alijua kanipunja, ila sikuambiwa.

Bandani mwake Roxane alikuwa na randa, patasi na meza ya kazi ambayo ningeinunua hata leo. Lakini watu walimpelekea viti vilivyovunjika miguu tu. Meza mpya waliagiza kwa mafundi wa mjini. Kwa hiyo mji ulipoanza kujenga upya ukumbi wake na kutafuta meza moja ndefu ya kulia, alisimama katikati ya duka la mji akasema ataitengeneza yeye, kwa mti wa shule.

Alden Ferrin, mwenye kiwanda cha mbao, alicheka hadi kahawa ikamwagika. Alikwisha kuahidi mbao zake nyeupe na fundi wa kutoka mbali.

"Meza ya madoa? Wageni watadhani hatujui kupangusa."

"Nipasulie gogo tu, Alden. Mengine niachie."

"Msumeno wangu haugusi mti uliogemwa. Mjinga fulani kaacha chuma humo, nakuapia."

"Sawa. Mkutano wa mji ndio utachagua. Wakiikataa meza yangu, naikata vipande naitia jikoni mbele yenu, na randa sishiki tena. Viti vyenu mtabandika wenyewe."

Kila mtu pale alikuwa na kiti kibovu kwake.

Roxane aliazima kifaa cha kunusa chuma kwa jamaa anayetafuta sarafu za kale mashambani. Akakipitisha juu ya gogo polepole hadi kikalia. Akachimba kwa patasi, akavuta mrija, akaugeuza kwenye mwanga, akautia mfukoni mwa aproni.

"Umepata nini?" nikauliza.

"Chuma."

Gogo nililipasua mimi, kwa msumeno wangu mdogo wa kukokotwa na gari. Mbao zikakaa bandani hadi zikakauka sawasawa, baridi na kiangazi. Alizipanga kama zilivyokaa ndani ya mti, ubao kando ya ndugu yake, ndimi zote za moto zikaelekea juu. Vipande vya kufunga ncha hakuvigandisha kwa gundi. Alivishika kwa vigingi kwenye matundu marefu kidogo, ili majiko ya msimu wa baridi yakiikausha meza ipate pa kusogea isipasuke. Lakini karibu na ncha moja aliacha tundu moja la mgema wazi.

"Hili umesahau kuziba," nikamwambia.

"Hilo lina mwenyewe."

Jumanne ya mkutano, mwezi wa Machi, tuliibeba watu sita. Chakula cha mchana kikawekwa juu yake: maharage ya kuoka, mikate, shira mpya. Bibi Winslow alichukua kitambaa akasugua doa. Akasugua tena. Akavaa miwani.

"Haya madoa ni yetu," akasema. "Baba alitoboa mawili mawili, sambamba. Tazama!"

Basi hapo maharage yakapoa. Watu waliinama wakitafuta makovu yao, wakizozana.

"Hili la chini ni la mzee wangu, mgongo ulimsumbua."

"Mgongo? Uvivu!"

Ferrin alibaki amekaa. "Makovu ni makovu. Na hili tundu? Hata kuziba ameshindwa."

Roxane alitoa mrija mfukoni, akausimamisha ndani ya tundu mbele ya sahani ya Ferrin. Uliingia kama kidole kwenye pete. Ukingoni ulikuwa na mikato mitatu ya tupa, alama ambayo bado imepakwa rangi kwenye kila ndoo ya akina Ferrin.

"Umempata mjinga wako, Alden," akasema Roxane. "Msalimie babu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Ferrin akawa mwekundu, akautazama mrija, kisha naye kikamtoka kicheko hadi akashika meza kwa mikono miwili. Mwenyekiti alipouliza wanaoitaka, "Ndiyo!" yake ndiyo iliyosikika hadi barabarani. Wa kukataa hakutokea.

Nimefanya biashara maisha yangu yote, na sijaona mtu aliyeficha karata nzuri muda mrefu vile.

Wakati wa kuondoa vyombo Ferrin alimvuta kando. "Roxane, nami nataka meza. Ya nyumbani."

"Ya mti uliogemwa?"

"Ya mti uliogemwa."

"Lete gogo," akasema Roxane, akifuta shira kwenye doa lililong'aa. "Na safari hii utapasua wewe."