Kutembea Kimya Kamalondo

Aliyefikiri kwamba mtu anaweza kupita barabara ya Kamalondo bila kufungua mdomo hajawahi kuishi Kamalondo. Mimi naishi hapo tangu niolewe, na ndivyo nilivyoamriwa kufanya, tena juu ya miguu miwili ya bandia iliyokuwa bado inanuka gundi.

Miguu yangu mwenyewe ilikwenda siku za pilaje, ule uporaji mkubwa, askari walipovunja maduka na watu wakafuata nyuma. Ukuta wa ghala uliniangukia. Sikuwa ninaiba, nilikuwa ninapita tu, na nimechoka kuulizwa.

Fundi wa miguu alikuwa bwana mwenye koti jeupe na haraka nyingi. Mashine yake ya kupimia pumzi iliporwa hospitalini pamoja na vitanda, akabaki na saa ya mkono na vidole vyake. Amri yake ilikuwa hii: nitembee hadi mwisho wa barabara na kurudi, kimya, kwa sababu maneno yanakula pumzi na kumharibia kipimo. Kisha anishike mkono asikilize mapigo. Moyo ukienda mbio kupita kiasi, basi miguu hiyo imenishinda: anaivua, anampa mwingine anayengoja, nami ninarudi kwenye kiti. Jozi ilikuwa hiyo hiyo moja. Ndege hazikuwa zinaleta kitu tena.

“Usiseme na muntu,” alinionya. “Hata mumoja.”

Haya. Nikaanza. Kila hatua niliivuta kutoka kiunoni, kama mtu aliyekwama topeni. Jasho likanitiririka mgongoni. Mshonaji wa jirani akapaza sauti toka kwenye cherehani yake: “Mama, jambo! Leo unatembea!” Nikapita kama sijasikia. Muuza makaa akauliza kama niko mugonjwa. Nikapita.

“Ah bon!” akasema nyuma yangu. “Amepata miguu mupya, sasa hatujui tena sisi majirani!”

Nilimeza tusi zuri kabisa.

Wakati wa kurudi, mama mukwe alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Kwetu mke hampiti mama wa mume wake hivi hivi. Unakunja magoti, unapiga makofi polepole, ndipo unasema. Tangu nitoke hospitali nilikuwa ninamsalimia nikiwa kitini, na kila mara aligeuza uso akatazama pembeni. Niliamini amekwisha kunifuta. Leo nimesimama mbele yake, kisha nimpite kama mbuzi?

Nikamtazama fundi, aliyekuwa akiningoja pale nilipoanzia. Akatikisa kichwa: hapana. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama mukwe, na askari, na ule ukuta. Heshima si utumwa, wanasema. Mawe! Siku hiyo ilikuwa utumwa mtupu. Nikashuka.

Vifundo vya miguu ile havikunjiki. Niliyumba, nikaweka mkono mmoja chini, goti likagusa vumbi. Nikapiga makofi.

“Jambo, mama.”

Nikainuka peke yangu, kwa mapaja na kwa hasira.

Fundi akaja anafoka, akanikamata mkono, akatazama saa yake. “Umeharibu yote! Sikia vile moyo inakimbia!”

“Hiyo si miguu,” nikamwambia. “Hiyo ni mama mukwe.”

“Moyo haijui mama mukwe. Ikaa, nivue.” Akainama, akaanza kulegeza mkanda wa kwanza. Nikaona kiti changu mbele yangu, na machozi yakanijia, nikayachukia.

Mama mukwe akamnyooshea mkono wake. “Pima na ya kwangu.”

“Mama, weye huna shida.”

“Pima!”

Akaushika ili kumridhisha tu, mkono mwingine bado uko kwenye mkanda wangu. Akatazama saa. Akatazama tena. Alimshika muda mrefu kuliko alivyonishika mimi, kisha akaniinulia macho.

Mapigo ya mama mukwe yalikuwa yanakimbia kuliko yangu, na yeye alikuwa amesimama tu.

“Basi na miguu ya kwangu utavua?” akamuuliza.

Fundi akainama tena, akakaza mkanda.