Mshindo wa Jikoni kwa Bi Mavis

Kwetu Halifax, mkoa wa Yorkshire kule Uingereza, ukimpikia mtu akala akalamba sahani, atakwambia, "Si haba." Mwonyeshe mjukuu wake wa kwanza, mzuri kama ua, naye si haba. Sifa zaidi ya hiyo huipati hata kwa dawa. Ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, watu wa Yorkshire wangeweza kuitunga wao, ila wao mgema hawamsifu hata akiwa jenezani.

Denise Ogden, fundi wa gesi, alikuwa akiisubiri hiyo si haba kutoka kwa mama yake tangu alipoingia kazini. Nywele zilikuwa zimeanza kumgeuka mvi, nayo haijaja.

Na haki ya kuisubiri alikuwa nayo. Kiwanda cha mazulia kilipofungwa, wenzake walikwenda kupanga makopo madukani. Yeye akaenda chuo cha ufundi, mwanamke peke yake katikati ya vijana waliomficha spana na kumwita mama chai. Alitoka na cheti, na baadaye na gari lenye jina lake ubavuni kwa herufi za njano. Mji ukamjua. Alikuwa na sikio, Denise. Angesimama mlangoni kwako boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, ikijiwasha, akakwambia inaumwa wapi kabla hajavua koti. Alijivunia hilo, nami sioni kwa nini asijivunie.

Ni nyumba moja tu ambamo hakuwahi kufungua sanduku lake la zana, nayo ni ile alimozaliwa. Siku alipojiandikisha chuoni, Bi Mavis, mama yake, alisema mbele ya majirani, "Hatamaliza mwaka." Akamaliza mwaka, akamaliza thelathini, na bado Bi Mavis alimwita mzee Stott kuja kuihudumia boila yake. Kumwita Denise kungekuwa kuyameza maneno yake, na Bi Mavis alikuwa radhi ameze kaa la moto kwanza. Kisha mzee Stott akafariki, na hakuitwa mtu mwingine. "Sipendi kusumbua watu," alisema. Kwetu hiyo ni kauli ya adabu, ingawa imewazika wengi.

Halafu kulikuwa na suala la Novemba. Kuwasha joto la nyumba kabla ya tarehe tano, jioni ya mioto na fataki, Bi Mavis aliliona ni jambo la watu walegevu. Oktoba nzima alikaa na sweta mbili na shali, akiwataja kwa majina waliokwisha kuwasha.

Basi mwaka huo, tarehe tano, Denise akafika na keki ya tangawizi na bakuli la mbaazi, kama kila mwaka. Giza lilikuwa linaingia, na watoto walishaanza kurusha fataki barabarani. Nasreen, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa ameketi jikoni na chai yake. Bi Mavis akainuka kwa madaha kama anayefungua daraja jipya, akazungusha swichi.

Boila ikasema ta! Kisha ikanyamaza. Ikanyamaza zaidi ya inavyopaswa. Halafu, BUUM! Bati lake likatikisika, na vikombe vilivyoning'inia chini ya rafu vikagongana.

"Fataki hizo," Bi Mavis alisema.

"Fataki gani hizo zinazotikisa vikombe vya ndani, mama?"

"Za siku hizi zina nguvu."

Nasreen alichekea ndani ya kikombe chake. "Anti Mavis, na Januari je? Napo zilikuwa fataki? Kwangu ukuta ulikuwa unaruka kila asubuhi, nikadhani unahamisha makabati."

Denise hakucheka. Alikuwa ameshafika kwenye boila na kuizima. "Tangu Januari?"

"Inakohoa kidogo tu," Bi Mavis alisema. "Hata mimi nakohoa."

"Mama, kile kimya ulikisikia? Kabla ya mshindo? Ni gesi inatoka, haijashika moto. Inajikusanya mle ndani, halafu inashika yote kwa pamoja. Leo imetikisa vikombe. Siku moja itaking'oa kifuniko ikupige nacho usoni, na wewe umesimama hapo na birika."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijui kama walikuwa na boila, lakini walijua walichokuwa wanasema.

"Usinipigie kelele jikoni kwangu," Bi Mavis alisema.

"Napiga kelele kwa sababu nakupenda, kikongwe wewe!"

Hilo neno la nakupenda kwetu halisemwi hivi hivi. Wote watatu waliinamisha macho mezani. Nasreen akaona afadhali akate keki.

"Mzee Stott hakuwahi kulalamika," Bi Mavis alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Mzee Stott yuko makaburini. Mimi niko hapa. Ama uniache niifungue, ama naifunga gesi sasa hivi, naibandika karatasi ya hatari, na wewe unakuja kulala kwangu."

"Kwako? Na lile zulia lako?"

"Na lile zulia langu."

Bi Mavis alimtazama binti yake, akaitazama boila. Akavuta gazeti, akalitandika sakafuni. "Zana zako ziweke hapo," alisema. "Na viatu uvue."

Denise akafungua madirisha, akafunga gesi, akasubiri chuma kipoe. Alipokwisha kukivua kifuniko hakuhitaji kutafuta sana. Boila ile ya zamani ilivuta hewa ya jikoni, na juu yake, kwenye fito zilizoning'inia darini, Bi Mavis alianika nguo zake zote. Sweta zilikuwa zimedondosha nyuzinyuzi zake humo tangu mzee Stott aondoke, zikajaa kama vumbi la kinyozi. Katundu ka ule mwali mdogo unaowaka muda wote, ambao ndio huiwashia gesi kubwa, kalikuwa karibu kuziba. Mwali wenyewe ulikuwa mfupi, wa njano, umeinama, na gesi ilikuwa inabidi iungoje.

Akakasafisha katundu, akapiga brashi vichomeo, akavuta vumbi lote. Akapima nguvu ya gesi, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba kuona kama gesi inavuja, akahakikisha moshi unapanda dohani na haurudi ndani. Nyuma yake Bi Mavis alikuwa ameketi, mikono kifuani, hakupepesa jicho. Denise alishafanya kazi mbele ya wakaguzi wa kila aina, na mikono yake haikuwahi kumtania. Jioni hiyo aliangusha skrubu moja mara mbili.

Kisha akauwasha mwali mdogo. Ukasimama wima, wa buluu. Akazungusha swichi. Ta! Na papo hapo moto ukatandazika juu ya vichomeo kama shuka kitandani, bila sauti. Hakuna kikombe kilichotikisika.

Denise akageuka, akasubiri.

"Umeacha alama ya kidole kwenye kifuniko," Bi Mavis alisema.

Denise akaifuta. Akakusanya zana zake, akatoka kuzipakia garini. Kazi ilikuwa safi, alijua ni safi, na aliinua kichwa akipita kati ya watoto wenye fataki zao. Hapo akakumbuka kwamba brashi yake ameiacha juu ya sinki, akarudi. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani alimsikia mama yake akizima na kuwasha ile swichi.

"Sikiliza," Bi Mavis alikuwa anasema.

"Sisikii kitu, Anti," Nasreen alijibu.

"Sikiliza vizuri."

"Anti Mavis, walahi sisikii kitu kabisa."

"Enhe!"

"Basi," Nasreen alisema, kwa lugha ya kwetu, "si haba."

"Si haba?" Bi Mavis alifoka. "Si haba kitu gani! Hakuna fundi Yorkshire nzima angeifanya hivi. Binti yangu huyo!"

Denise aliiacha brashi humo humo ndani, akarudi garini kwa kunyata. Angeingia tu, mama yake angeyakana maneno yote.