Shikamoo Mara Mbili

Sisi watu wa Morogoro hatujisifu ovyo, lakini kwenye Kiswahili, jamani, tunajiona. Ndiyo maana Jumamosi ile ya mwezi wa nne, nilipokwenda kwa wazazi wa mchumba wangu kule Berchem, huku ughaibuni tunakoishi, sikuwa na wasiwasi na mdomo wangu. Nilikuwa na wasiwasi na viatu, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Mchumba wangu kwao ni Bukavu. Alishaniambia bila kupepesa macho: "Papa akikukataa, mimi sitabishana naye. Alitutoa vitani amenibeba mgongoni. Akisema hapana, ni hapana."

Tulipofika, yeye alibaki anatafuta pa kuegesha gari, mimi nikatangulia na mfuko wa mkaa wa kuchomea nyama. Sebuleni mzee alikuwa amesimama, na mama amekaa, amempakata mjukuu. Kwetu mwanamke akishapata mjukuu unampa heshima yake. Nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Mama akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mzee akanikazia macho.

"Unasema nini?"

Nikadhani masikio yake mazito. Nikapaza sauti: "Nimesema, shikamoo bibi!"

Mlango ukafunguka, mchumba wangu akaingia, na mzee akachukua funguo za gari bila kunitazama tena.

Mpango ulikuwa tukatembee kwanza kwenye msitu mmoja wa maua ya buluu, nje ya mji, kisha turudi tuchome mbuzi bustanini. Njia nzima mzee aliendesha kama dereva wa msiba. Kule msituni watu walikuwa wanapigana picha, wanacheka. Mimi mchumba wangu alinivuta kando.

"Umemwita Maman nini?"

"Bibi. Kuna ubaya gani?"

"Kwetu bibi ni mke! Umemwita Maman mke wako, Papa amesimama pale pale!"

Loo! Masikio yaliwaka moto. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi; mimi nilijikwaa ulimi, nikainuka, nikajikwaa tena palepale. Nikataka kwenda kuomba radhi, akanishika mkono.

"Mwache kwanza. Usiongeze neno."

Tuliporudi, mzee aliwasha moto ndani ya pipa lake la chuma, akaweka mapaja ya mbuzi juu ya wavu, akafunika. Kisha akaniashiria kwa kidole nisimame karibu naye. Nikasimama. Moshi ukanifuata kila nilikohamia, machozi yakanitoka. Yeye anafunua, anageuza nyama, anafunika. Mama alikaa kwenye kiti chini ya ukuta na mjukuu wake. Mchumba wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni anakata vitunguu, hainui uso.

Jua lilikuwa limeshapita juu ya paa la jirani ndipo mzee akafungua kinywa.

"Bon. Kwenu, bibi ni nani?"

"Ni mama wa mama, mzee. Au mwanamke yeyote wa kuheshimiwa." Nilimwita mzee, maana Papa niliona ni neno la watoto wake.

"Na muke?"

"Mke ni mke tu."

"Mm."

Akafunika pipa. Ile "mm" ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimevumilia tangu asubuhi, uvumilivu ukaisha.

"Mzee, kama ni hapana, niambie nishike tramu. Nimekosea neno, sikukosa adabu. Binti yako nampenda, na kunikausha hapa pamoja na mbuzi hakutabadilisha kitu!"

Kisu cha vitunguu kikanyamaza. Nikajua nimeharibu. Mzee akafunua pipa taratibu, akakata kipande kinono, akakiweka kwenye sahani, akanipa.

"Peleka kwa bibi yako."

Bibi yupi tena, Mungu wangu? Kwa kuogopa kukosea mara ya tatu nikaona nianze na mkubwa, nikaelekea kwa mama.

"Ee! Ee! Unaenda wapi na nyama?" Mzee alipiga kelele, uma umeelekea mlangoni mwa jikoni. "Ule ni bibi yangu! Wako njo ule kule, wa bitunguru!"

"Ndiyo, Papa," nikasema, nikageuka.